Radhi ya Kuruka

Jumamosi nilikuwa kwenye malisho nje kidogo ya Mzenga. Fundi mmoja wa kuchomelea kutoka Kibaha alikuwa amekaa ndani ya ndege ya kiti kimoja aliyoiunda mwenyewe, kibali cha kuijaribu kikiwa mfukoni. Injini ilinguruma. Ng'ombe walishaondolewa. Sote tuliokuja kutazama tukanyanyua simu.

Hapo mama yake akaja, akasimama karibu na bawa. Fundi akazima injini, akashuka, akavua helmeti.

“Shikamoo mama. Naomba radhi yako.”

“Marahaba. Ya kuunda si nilishakupa?”

“Sasa naomba ya kuruka.”

Mama akamshika mikono yote miwili, akaitazama. Ilikuwa inatetemeka.

“Umelala lini?”

Fundi akainamisha kichwa. “Juzi.”

“Basi ya kuruka sijakupa. Twende ukalale.”

Akamfuata, helmeti kwapani. Nyuma yangu mtu akasonya, akalalamika kwamba nauli yake imepotea bure.

Kibali kilisema ndege imekaguliwa. Rubani alikaguliwa na mama yake tu. Sisi wengine tulikuwa tayari na simu zetu, iruke au ianguke.