Karibu ya Pili

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Gundi, kwanza kwa sababu gundi haikumtoka kwenye kucha, na pili kwa sababu akikaa mahali alinata: hasemi, haondoki. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Karatasi zilimfikia zikiwa zimechapwa. Yeye alizikunja, akazishona mkunjo kwa mkunjo, akazipaka gundi mgongoni na kuzivisha jalada. Vingi alivyovishona hakuvisoma. Alichotamani kukishona kuliko vyote kilikuwa hakijaandikwa bado.

Kilikuwa mwongozo wa mchezo wao. Kila Jumapili alasiri, kinyozi wa mtaa alipofunga duka, watu wanne walikaa nyuma ya pazia, wakaizunguka meza iliyojaa madoa ya chai na kucheza mchezo alioubuni kinyozi mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa msimulizi. Aliwaeleza nchi isiyokuwepo, yenye misitu na ngome, na kila mchezaji akasema shujaa wake anafanya nini humo. Kisha dadu mbili zikaamua kama amefaulu. Mwenye bucha, mtu mwenye mikono minene kama mapaja, alicheza mwizi mwoga. Mdogo wake Gundi, aliyeuza kwenye duka la dawa, alicheza malkia aliyepokonywa nchi. Gundi alicheza mpiga mishale.

Mchezo ulikuwa na sharti moja. Kabla shujaa hajaanza safari, mchezaji alikaa peke yake kwenye kiti cha kunyolea, akafungwa kitambaa shingoni kama mteja, na kumnong'oneza kinyozi jambo moja la kweli linalomuuma. Kutokana na jambo hilo kinyozi alimtungia shujaa wake kovu, yaani kitu kinachomshinda. Kovu wenzake waliliona. Chanzo chake hawakuambiwa.

"Nywele zinabaki sakafuni," kinyozi alizoea kusema, "na fagio ninalo mimi."

Kovu la mpiga mishale lilikuwa hili: hawezi kuvuka kizingiti chochote mpaka akaribishwe mara mbili. Lilikuwa limeshawatia hasara mara nyingi, na mwenye bucha hakuacha kulalamika. "Huyu dada yetu ataliwa na joka nje ya mlango, eti anasubiri adabu." Karibu ya kwanza ilitoka kwa yeyote mwenye nyumba, awe mfalme au jini. Ya pili siku zote ilitoka kwa mdogo wake. Aliinua kidevu kimalkia, akanyoosha mkono juu ya vikombe na kusema, "Karibu tena, dada." Hapo Gundi akavuka.

Watu wa mitaa mingine walipoanza kuuliza mchezo huo unachezwaje, wakaamua kuuandikia mwongozo wa mchezaji. Gundi alishona kitabu cha mfano chenye kurasa tupu ili wapange kipi kikae wapi, akaandika vichwa kwa penseli: mkunjo wa kwanza kuumba shujaa, wa pili dadu, wa tatu makovu, wa nne safari. Wakabishana kama watu wanaogawana urithi. Mwenye bucha alitaka panga kwenye jalada. "Kitabu bila panga, mtu si atadhani ni cha mapishi?" Mdogo wake alitaka sheria chache, kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma huku ameshika mkate. Walipofika kwenye makovu, kinyozi akasema hapo lazima kuwe na mfano, la sivyo msomaji asiyewajua ataachwa njiani.

"Tunga wa uongo," alisema Gundi.

"Bila shaka, dada yangu. Hiyo sura niachieni."

Jumapili iliyofuata kinyozi akawasomea. Alisoma amesimama, sauti yake nzuri ikipanda na kushuka kama afanyavyo anaposimulia vita.

"Mchezaji mmoja, alipokuwa na umri wa miaka minane, alipelekwa kwa shangazi yake alelewe na kusomeshwa. Haukupita muda shangazi akamrudisha. Alisema mlangoni, mtoto akisikia: huyu hasemi, anakaa kama kinyago, nipeni yule mdogo anayecheka. Wakamchukua mdogo. Ndugu na majirani wakaambiwa yule mkubwa alishindwa kukaa mbali na mama. Kutokana na hayo, msimulizi akampa shujaa wake kovu..."

Mwenye bucha alicheka kabla akili haijafika. "Kumbe ndiyo sababu ya karibu mb..." Akaokota dadu na kuikagua kana kwamba ina uchafu.

Gundi hakumtazama kinyozi. Alimtazama mdogo wake, ambaye tangu utotoni alimwita shangazi yao mama, na ambaye hakulala bila kumpigia simu kumuuliza kama amekula. Kisa cha kushindwa kukaa mbali na mama, mdogo wake alikipata kwa Gundi mwenyewe. Gundi alikirudia mara nyingi kwa kicheko, akijifanya mtoto wa kudeka, mpaka kikawa utani wa familia.

"Dada," alisema mdogo wake. "Si ulikataa mwenyewe kukaa?"

Gundi alisugua doa la chai mezani kwa kidole.

"Sijamtaja mtu," alisema kinyozi.

"Umtaje wa nini? Anayekaribishwa mara mbili hapa ni nani, ni mwenye bucha?" aliuliza mdogo wake.

"Nisikilizeni. Nimetunga mifano, nimetunga, nikachoka. Yote ilikuwa imepoa. Huu ukiusoma unaushika moyo." Alimgeukia Gundi. "Nitambadilisha, dada yangu. Awe mvulana. Shangazi awe mjomba. Nani atajua?"

Hapo Gundi akaelewa kwamba mtu huyu hajutii. Alikuwa bado ameishika karatasi kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama kitu alichokichonga. Miaka yote hiyo Gundi alidhani ameziacha nywele zake zifagiliwe, kumbe mwenzake alikuwa akisuka wigi.

"Kovu lako wewe ni lipi?" akamuuliza.

"Mimi ni msimulizi. Msimulizi hana shujaa."

"Kinyozi hajinyoi," alisema mwenye bucha polepole, na kwa mara ya kwanza mezani pale hakuwa akitania.

Gundi alitoa mfukoni kisu chake kidogo cha kazini. Akakifungua kitabu cha mfano katikati ya mkunjo wa tatu, akakata uzi, akauchomoa mkunjo na kuutia mfukoni. Kitabu kilichoshonwa kwa mkono hakipendi jambo hilo. Kilichobaki kililegea pale pale, kurasa za dadu zikaangukia kurasa za safari. Akakiacha mezani kilivyo. Alipoinua kichwa, kiti cha mdogo wake kilikuwa kitupu na pazia linacheza.

Alimfikia kwenye kona ya duka la dawa. Wakatembea mpaka kwenye ngazi za nyumba alimopanga mdogo wake.

"Kinyozi ulimwambia," alisema mdogo wake. "Mimi hukuniambia."

"Ulikuwa unampenda shangazi."

"Bado nampenda. Sasa nimpende vipi?" Alitafuta funguo kwenye mkoba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na wewe ulikuwa unakuja kwetu sikukuu zote, unakula, unamwosha miguu. Huku unajua."

"Nilikuja kukuona wewe."

Mdogo wake alifungua mlango. "Karibu," alisema bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kubandika maji ya chai.

Gundi alibaki kwenye mkeka wa mlangoni. Hakukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Alisikia maji yakimiminika, kiberiti kikiwashwa. Mdogo wake alitokea tena, akamwona amesimama pale, na kwa jinsi uso wake ulivyobadilika Gundi alijua ameelewa anachokisubiri. Zamani angeinua kidevu. Sasa alikuwa anajua neno lile linalipa deni gani, na kwa nani.

"Ingia tu, dada," alisema. "Unaingiza mbu."

Gundi akaingia. Akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba wake mapajani, kama mtu aliyekuja kuulizia njia.