Hedifoni za Eda

Hadi leo sijui ni nani aliyekalia hedifoni zangu siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, na siku nikimjua nitamfuata mpaka kwake. Nilikuwa nimeziweka kitandani chini ya mto, chumbani kwangu, mlango nimeurudishia. Wakaja waombolezaji, wakaingia humo kupumzisha miguu, mmoja akajitupa kitandani kwa uzito wake wote. Upinde wa kichwani ukakatika katikati. Nilipouliza, kila mmoja akasema yeye alikaa mkekani. Wanawake kumi, kitanda kimoja, na hakuna aliyekaa kitandani! Kisha nikaambiwa, "Subira, dada, leo si siku ya kuulizia vitu vidogo."

Vitu vidogo! Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Ofisi moja ya Dar es Salaam hunitumia sauti za wakulima zilizorekodiwa vijijini huku kwetu Lindi, watu wanaongea Kimwera, Kimachinga, na Kiswahili kilichochanganyika na lugha hizo. Nasikiliza, naandika neno kwa neno, halafu naweka kwenye Kiswahili sanifu. Dakika moja ya sauti inaweza kunila nusu saa nzima, maana watu wanaongea kwa pamoja, jogoo anawika, pikipiki inapita, na upepo unavuma ndani ya kinasa sauti. Narudisha nyuma, nasikiliza, narudisha tena. Kwa siku ni saa sita, saba, hedifoni zipo kichwani.

Zile zilizovunjwa nilikuwa nazo miaka mingi. Sponji zake zilipochakaa, mume wangu, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizishonea vifuniko vya shuka kuukuu, laini, visivyotoa jasho. Akitaka kuniita hakupiga kelele, alijua sisikii. Alikuja nyuma yangu, akanifunua sikio moja kwa kidole, akasema, "Chai." Neno hilo tu. Nami nilimkemea kila siku kwamba ananikatisha kazi, na kila siku alirudi na kidole chake.

Sasa amekufa, hedifoni zimevunjika, na mimi nimewekwa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna pambo, hakuna manukato, hakuna kutoka. Eda siipingi, mimi ni Muislamu na nilimpenda mume wangu. Niliyempinga ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia kwangu Mtanda kuisimamia hiyo eda kama mlinzi wa ghala. Alikuwa amenisaidia kumuuguza kaka yake miezi miwili, sikatai, lakini tangu tumzike aligeuka mtu mwingine. Nikisogea dirishani, anakohoa. Simu ikiita, anauliza nani.

Na alishaniandalia chumba kwake Rasbura. Hakuniuliza. Nilisikia anawaambia wageni ukumbini, mimi nipo chumbani na masikio yangu mazima, kwamba eda ikiisha wifi, yaani mimi, atahamia kwetu, atakaa chumba cha uani, nyumba ya kupanga ataiweza wapi peke yake. Damu ilinichemka. Nyumba nitaiweza kwa kazi yangu! Lakini kazi yenyewe ilikuwa inanikimbia. Ofisi ilinipa pole, ikaningoja, kisha ikaandika kwa adabu kabisa kwamba sauti za kijiji cha Kilangala zisipofika zimeandikwa ifikapo Ijumaa ya wiki inayofuata, watampa mtu mwingine, na yeye ndiye ataendelea nazo. Nilijaribu kusikiliza kwa spika ya simu. Wifi anakohoa, jirani anatwanga, mtoto wa nyumba ya pili analia. Siku nzima nikapata ukurasa mmoja, nao umejaa alama za kuuliza.

Nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake marehemu, mtu mzima mwenye mke na watoto. Nikamweleza vizuri: hedifoni kubwa, za kufunika sikio zima, zenye waya. Akarudi na iafoni, vile vidude vya kuchomeka ndani ya sikio. "Shemeji, hizi ndizo za kisasa." Lo! Nikavivaa saa moja, masikio yakavimba. Nikavitoa, nikavivaa tena, tundu la kushoto likaanza kutoa maji. Nikamtuma mara ya pili. Akaleta hedifoni nyekundu, ngumu kama ubao, zenye taa zinazowakawaka pembeni. Hazikufunika sikio, zililikalia juu na kulikandamiza kwenye mikono ya miwani yangu. Dakika ishirini tu kichwa kikawa kinagonga. Tena hazikuwa na waya, za kuchaji, na chaji ikaisha katikati ya sentensi ya mzee wa watu.

Lakini hata kabla hazijaniumiza, wifi alishaziona.

"Astaghfirullah! Mjane na taa nyekundu kichwani? Hilo ni pambo!"

"Wifi, hiki ni chombo cha kazi."

"Kinawaka."

"Nitaziba taa kwa plasta."

"Hata ukiziba. Watu watasema kaka yangu hata hajakauka kaburini, mkewe anasikiliza muziki."

Nikampigia simu shehe aliyetuozesha. Nikamweleza yote, riziki yangu, masikio yangu, taa nyekundu. Akacheka kidogo, akaniambia chombo cha kazi si pambo, na kwa haja kama hiyo mjane hutoka mchana, mradi arudi kwake kulala. Nikaweka simu kwenye spika ili wifi asikie kwa masikio yake. Akabinua midomo. "Shehe wa simu huyo," akasema, akaenda zake jikoni.

Asubuhi iliyofuata nikajifunga nguo zangu nyeupe, nikatia laptopu kwenye mfuko, nikaita bajaji. Wifi alisimama mlangoni. Hakunizuia. Alinitazama tu kama mtu anayehesabu dhambi, nami nikapita.

Duka la vifaa vya simu lipo karibu na soko. Mwenye duka ni mwanamume wa makamo, mwembamba, na hedifoni amezitundika ukutani safu kwa safu ndani ya plastiki. Nikasalimia, nikamwambia nataka kujaribu.

"Mama, hizi hazijaribiwi. Ukishachana plastiki umenunua."

"Nitajuaje kama zinanifaa?"

"Zote nzuri, mama."

Hapo ndipo nilipochoka. Kiatu unajaribu. Nguo unajaribu. Tikiti maji unaligonga kwanza kabla hujalibeba. Hiki cha kukaa kichwani saa saba kwa siku nibahatishe? Nikavuta benchi la wateja, nikaliweka katikati ya mlango, nikaketi. Nikatoa laptopu, nikaifungua mapajani.

"Basi nitakaa hapa mpaka nijaribu," nikamwambia.

Akafungua kinywa. Akaziona nguo zangu vizuri, kuanzia ushungi mpaka miguuni, akakifunga. Pale kwetu nani atamfukuza mjane wa eda dukani kwake? Akimgusa bega, ataulizwa. Akimpandishia sauti, soko zima litajua kabla ya adhuhuri. Wateja wawili walifika, wakaniona nimeziba mlango, wakanipa pole kwa sauti ya chini na kugeuza. Mwenye duka akawatazama wanavyokwenda. Akajikuna shingo.

"Pole kwa msiba, mama."

"Asante. Nipe ile ya juu kulia."

Akanipa. Nilikaa pale kutoka saa tatu mpaka karibu adhuhuri, na sikuona haya hata chembe. Kila moja niliivaa juu ya ushungi, miwani ikiwa usoni, nikaiacha dakika ishirini kamili kwa saa ya simu. Mtu akijaribu hedifoni dakika moja hajajaribu kitu, dakika moja zote ni tamu. Ya kwanza ilibana taya. Ya pili nzito, ikanivuta shingo. Ya tatu ilikuwa na sponji ya plastiki, jasho likaanza kutiririka nyuma ya masikio. Ya nne ilikaa vizuri, lakini sauti yote ilikuwa dum-dum-dum, imetengenezewa ngoma, maneno ya watu yamezama chini huko. Nilikuwa napima kwa sentensi ileile ya bibi mmoja wa Kilangala, sentensi ambayo katikati yake jogoo anawika. Mwenye duka alinilaumu kwa macho kila nilipovua. Nami nikamtazama hivyohivyo.

Akaja mwanamke mmoja kununua waya wa chaji. Akapita ubavuni mwangu, akamnong'oneza mwenye duka, lakini mnong'ono wa kusikika hadi barabarani: "Ee Mungu wangu, mjane wa eda kaja dukani kusikiliza muziki!"

Moto ukaniwaka. Nikasimama, nikavua hedifoni, nikamvika kichwani kabla hajajua kinachotokea.

"Haya, cheza!" nikamwambia.

Akasimama kama aliyepigwa na shoti. Ndani ya masikio yake bibi wa Kilangala alikuwa anaeleza namna ugonjwa wa ubwiri unga ulivyokula maua ya mikorosho yake, na dawa ilivyochelewa kufika. Yule mwanamke alisikiliza hadi mwisho, nadhani kwa woga. Alipovua akasema kwa sauti ndogo, "Hata yetu msimu ule iliungua hivyohivyo." Akalipia waya wake, akanipa pole, akaondoka bila chenji yake.

Mwenye duka akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akainama chini ya meza, akachomoa boksi lililojaa vumbi. "Mama, jaribu na hii. Imekaa sana, watu hawaitaki, haina taa wala haina blutuu."

Ilikuwa nyeusi, mbaya, ya waya mrefu. Vikombe vyake vilikuwa vikubwa, vikalimeza sikio zima bila kugusa mikono ya miwani. Sponji yake ya kitambaa. Nikaweka sentensi ya bibi. Jogoo akawika, na chini yake, polepole, nikalisikia lile neno nililoliwekea alama ya kuuliza kwa wiki nzima. Nikasubiri dakika ishirini. Nikasubiri na nyingine ishirini, kwa ubishi tu. Hakuna kilichouma. Na bei yake ilikuwa nusu ya zile za taa nyekundu! Wangeniacha nikachague mwenyewe tangu mwanzo, ningekuwa nimemaliza kazi.

Nilimkuta wifi palepale mlangoni, utafikiri hakuondoka.

"Umemaliza matembezi?"

"Nimetoka kazini."

"Kaka yangu angekuwa hai, usingemfanyia hivi."

Nikamwambia neno ambalo bado linanichoma. Nikamwambia, "Kaka yako ndiye aliyekufa, wifi. Mimi sijafa." Nikalisema kwa sauti, na majirani walisikia. Uso wake ulishuka, akaingia ndani, na kwa siku tatu hatukusemezana isipokuwa salamu. Nilikuwa na hasira naye bado, na sasa nilikuwa na hasira na mimi pia, lakini kazi haikungoja tusuluhishane. Niliandika kuanzia baada ya alfajiri mpaka magharibi. Kukohoa kwake sikukusikia tena. Sikusikia kinu, sikusikia mtoto, sikusikia chochote ila watu wa Kilangala.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimebakiza kurasa mbili. Nimeinama juu ya laptopu, nimezama, ghafla nikahisi kidole nyuma ya sikio la kushoto. Kikombe cha hedifoni kikafunuliwa, cha upande mmoja tu.

"Chai."

Nikageuka nikiwa nimeshafungua kinywa kumkemea mume wangu. Alikuwa wifi, na kikombe cha chai mkononi. Sauti ileile ya puani, ya kwao wote. Hata paji la uso ni lile. Miaka yote ile sikuwahi kuliona.

"Nani kakufundisha hivyo?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali, sikuweza kuifanya nyingine.

"Yeye. Alipokuwa anaumwa, wiki ile ya mwisho." Alitazama chini kwenye kikombe. "Aliniambia, dada, yule mke wangu haitwi akaitika. Mfunue sikio moja. Ukimfunua yote mawili atakutukana."

"Na wewe muda wote huu ulikuwa unakohoa!"

"Niliona sitaweza kukuita kama yeye. Nikisema tu, nitalia."

Nikakasirika. Wallahi nilikasirika kuliko siku zote, na safari hii si kwa wifi, ni kwa marehemu, aliyejua anakwenda, akapanga mpaka nani ataniletea chai, na mimi niliyekuwa nimelala ubavuni mwake hakuniambia neno. Nikataka kumgombeza na sikuwa na wa kumgombeza. Machozi yakaja ndani ya miwani.

Wifi akageuka aondoke, anipishe na kazi yangu. Nikamshika mkono. Nikakirudisha kile kikombe cha hedifoni sikioni, nikavikaza vyote viwili, nikaigeukia laptopu kama vile hajaingia.

"Wifi," nikamwambia, bila kugeuka, "niite tena."