Namba Ambayo Sikuipima

Ninaandika haya kwa aibu. Ilianza siku ya mposho (Jumamosi, kama vitabu vinavyosema), 15h30 kamili, chini ya tangi la maji la maternité (hospitali ya kuzalia), ambamo mama yangu anafagia na kufua mashuka.

Monsieur wa fizikia alikuwa ametuambia kila mmoja achague jengo moja, apime maji yake kila siku kwa wiki mbili, halafu atabiri yataisha lini. Mimi nilichagua pale kwa mama, nikawa napanda ngazi kila siku na kutumbukiza fimbo yenye alama za sentimeta, na mama titulaire (ndiye mkuu wa wauguzi) akawa anabandika karatasi yangu mlangoni na kugawa maji kwa kuifuata, maana bomba la mji linatupa maji mara mbili tu kwa wiki. Siku ile vijana wa darasa letu walikuwa wanacheza mpira pale chini, nami nilivaa jupe (sketi, si fupi, lakini ni jupe), nikaona haya kupanda. Kila siku maji yalikuwa yanashuka sentimeta kumi na mbili hivi, basi nikatoa kumi na mbili kwenye namba ya jana, nikaandika: yatatosha mpaka Jumatatu jioni. Sikujua kwamba watoto wanne walikuwa wamezaliwa asubuhi ile, na jamaa zao walikuwa wamefua vitenge kutwa nzima.

Jumapili, watu walipotoka misa na kuja kuona watoto wapya, robine (bomba la tangi) ikatoa upepo tu, na ndani mama mmoja alikuwa katika uchungu. Mama titulaire akatazama karatasi yangu, akamwita mama yangu mbele ya wote.

"Maji ilipashwa kutosha mpaka kesho. Njo weye uliacha robine wazi."

"Minye nilifunga, mama."

"Karatasi ya mutoto wako mwenyewe itasema bongo, itadanganya?"

Mwanamke mmoja akasema mtoto ni ingénieur, mama anamwaga maji, wengine wakacheka, na mimi nikachukua ndoo kama wengine, tukakimbilia kisima cha majirani (mtoto alizaliwa salama). Mama yangu akaambiwa abaki nyumbani kwanza. Njiani hakunigombeza, angenigombeza kwa lipi, hakujua kitu. Alisema tu, polepole: "Calcul yako iko muzuri. Pengine nilisahabu kufunga."

Hapo nililia, naye akadhani ninamhurumia.

Asubuhi yake nilikwenda maternité na daftari kabla ya masomo. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wanangoja watoto wapimwe uzito. Nikamnong'oneza mama titulaire yote, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako nilimukaripia mbele ya bantu," akasema. "Ile nayo utaisema mbele ya bantu."

Nikageukia mabenchi.

"Mama alifunga robine. Minye njo sikupima."

Wa nyuma hawakusikia. Nikarudia.