Ratiba Moja kwa Kila Ua

Ratiba ya Ramadhani haitupwi. Hapa kwetu Kamembe mfanyabiashara mmoja hugharamia kila mwaka karatasi zenye saa za daku na za kufuturu. Juu anaweka bismillah, chini anaweka tangazo la duka lake, na kwa sababu ya lile jina la Mungu hakuna anayethubutu kufungia karanga wala kuwashia makaa. Mwezi ukiisha watu huzibandua ukutani na kuniletea mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayezichapa. Marehemu mume wangu alikuwa akizizika nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi. Alichimba, akazipanga kwa adabu, akafukia, kisha akaingia ndani kunawa.

Alipofariki, nilibaki na mashine na jembe. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi, nilikuwa nachimba shimo jipya nikakosea mahali, nikaangukia la zamani. Karatasi ya kwanza iliyopanda na jembe niliifuta kwa kiganja tu, ikang'aa kama imetoka mashineni asubuhi hiyo. Mteja wetu anauza magodoro, na siku zote alitaka karatasi nene, iliyopakwa plastiki, ipendeze ukutani. Godoro lake la buluu, pale pichani, lilikuwa kubwa kuliko saa za mwezi mtukufu mzima. Udongo ulikuwa umeshindwa kulila.

Ilikuwa ratiba ya mwaka ambao mume wangu alikuwa hai na watoto wote wako nyumbani, wakiamshwa daku kwa kuvutwa miguu na kugombania chai. Saa zote zilisomeka. Nilikaa palepale kwenye udongo nikalia, na kama kawaida yangu nikilia sana, nikaanza kutafuta wa kumkasirikia. Safari hiyo nililikasirikia godoro. Pale mpakani na Kongo, Rusizi II, mama anayetoka Bukavu na mfuko wa plastiki, ambao huku Rwanda ni marufuku, huambiwa amwage vitu vyake hapohapo na kuuacha, na mimi huku nazika plastiki kwa heshima zote, mwaka hadi mwaka.

Nikaamua kwamba ratiba inayofuata itakuwa ya karatasi ya kawaida isiyopakwa kitu, nusu ya ukubwa wa zamani, wino mweusi peke yake. Godoro litakuwa mstari mmoja wa maandishi chini kabisa. Na badala ya kila chumba kupata yake, itabandikwa moja kwa kila ua, karibu na lango, wapangaji wote wasome hapo. Wengi siku hizi wana saa hizo kwenye simu, karatasi wanaibandika kwa desturi tu.

Hilo la moja kwa kila ua ndilo lililoniuma, na sijawahi kumwambia mtu. Ratiba nilikuwa nazigawa mwenyewe, chumba kwa chumba. Ukiwa na karatasi mkononi unaweza kugonga mlango wowote, hakuna anayekuuliza umefuata nini. Unaambiwa ukae, unaulizwa ule mguu unaouma unaendeleaje, unaonyeshwa mtoto mchanga. Binti yangu yuko Kigali na kaka yake yuko mbali zaidi; wananitumia sauti kwenye simu, nami nazisikiliza huku nakata karatasi, nikimaliza nazirudia. Nilikuwa mpweke, basi, sioni haja ya kulipamba neno. Mwezi wa Shaabani ulikuwa mwezi wangu wa kuongea na watu, na kupunguza karatasi kulikuwa kujifungia milango kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nilipokwenda kumwonyesha mteja karatasi ya mfano, nilikuwa naomba kimoyomoyo aikatae.

"Maman, hii haing'ae," alisema, akiigeuza nyuma na mbele. "Bantu batasema duka yangu imeanguka."

"Batasema uko unaogopa Mungu," nikamjibu. "Godoro yako iko mu udongo kwangu, ingali nzima. Kuja uione."

Alikuja kweli, na viatu vyake safi. Nilimpa ile karatasi ya zamani. Akajaribu kuichana, ikamgomea. Akajaribu tena kwa nguvu, ikavutika tu pembeni. Mtu huyu maneno hayamwishi, lakini pale chini ya mparachichi aliniomba maji ya kunawa tu.

"Aya, Maman. Chapa ile yako," alisema. "Lakini ile mustari ya godoro, usiisahau."

Ndivyo nilivyoshinda, na sikufurahi hata kidogo.

Nilipika gundi ya unga wa muhogo, nikaitia kwenye kopo, nikatoka. Zamani mzunguko ule ulinichukua karibu wiki nzima. Mwaka huu nilipaka gundi, nikabandika, nikasikia "Merci, Maman" kutoka ndani, nikaenda lango linalofuata. Watu walikuwa na shughuli zao, na mimi sikuwa na sababu ya kupita lango. Alasiri haijafika nilikuwa nimerudi, nimebakiwa na karatasi moja, ya ua wangu mimi.

Nilisimama mbele ya lango langu na brashi mkononi. Moja kwa kila ua, wote wasome hapo. Wote gani? Niliona haya kuibandika. Nikageuka, nikaipeleka kwenye ua mmoja wa mtaa wa juu wenye malango mawili, nikaibandika kwenye lile la pili.

Siku ya kwanza ya mfungo nilipika maharage na viazi, nikatengeneza na sambusa. Mkono wangu haujajifunza kupikia mtu mmoja. Nilitandika mkeka, nikaweka sahani, nikakaa. Kisha nikainuka, nikafunika sambusa kwa kitambaa, nikavuka njia hadi ua wa jirani zangu mafundi cherehani, ambao tunasalimiana nao kila siku na sijawahi kula kwao. Walikuwa wameshakaa chini, wakubwa kwa wadogo, tende mkononi.

"Maman, kuko nini?" akauliza mama wa nyumba, akianza kuinuka.

"Nimekuja kuuliza saa ya kufungua," nikasema. "Kwangu hakuna karatasi."

Wote walinitazama. Karatasi ilikuwa ukutani pale langoni, kando ya bega langu, niliyoichapa mimi na kuibandika mimi. Na adhana ilikuwa imeshaanza, tunaisikia sote. Nilitamani kurudi.

Yule mama hakucheka. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, kisha akaja hadi ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akanisomea taratibu, tarehe, daku, magharibi, kama mtu anayemsomea mgeni aliyefika mjini leo.

"Saa njo hii, Maman," akasema, akiipokea sahani. "Batoto, musogee."

Wakasogea.