Uji Nilioukataa Kule Nkungu

Mmenikalisha hapa mbele nisimulie, basi nitasimulia. Ila nikianza sinyamazi, mke wangu anajua. Naitwa Sadiki, seremala wa Kamembe, na wengi wenu mnaniita Papa Zuhura. Kovu hili linaloshuka kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu sikulipata vitani, ingawa ilikuwa miaka ya vita. Nililipata kwa sababu ya maji, na nusura nife kwa sababu ya ubishi wangu mwenyewe.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa miraba minne. Mlango mzima wa mbao ngumu niliubeba kichwani kutoka karakana mpaka sokoni bila kupumzika. Miaka ile kazi ya milango haikuisha. Nyumba nyingi zilikuwa zimebaki kuta tu, milango na madirisha vimeng'olewa. Watu waliokimbilia Kongo walikuwa wanarudi nchini na magodoro kichwani, na kitu cha kwanza walichouliza ni mlango. Lakini mbao hazikuwepo. Waliokuwa wanazishusha kutoka milimani waliogopa njia. Nikasema, kama mbao haziji kwangu, mimi nitazifuata.

Nilipanda na mwenzangu Anastazi wa Gashonga. Anastazi ni mkulima wa ndizi, Mkatoliki, mtu mpole sana, na msumeno wa watu wawili anaujua kuliko shamba lake. Komini, yaani serikali ya pale, ilitupa kibali cha kukata miti iliyopandwa pembeni mwa msitu, juu ya Nkungu. Tukapiga kambi kando ya kijito. Nikisema kambi msifikirie mambo makubwa: fito za mianzi, shitingi ya plastiki juu, kitanda cha majani makavu, mawe matatu ya kupikia. Tukachimba shimo la kupasulia magogo. Anastazi alishika msumeno kutoka chini kwa sababu alivumilia unga wa mbao machoni, mimi nilisimama juu kwa sababu napenda kuamuru.

Niliipenda ile kambi, siwafichi. Asubuhi ukungu ulitoka kwenye kijito, nyani wakapiga kelele zao, na baridi ilikufanya ukumbatie kikombe kwa mikono miwili. Siku nyingine tulisikia mizinga ng'ambo, kule Kongo, mbali, kama mtu anaburuta meza nyumba ya jirani. Anastazi alipiga ishara ya msalaba, mimi nikamtaja Mungu wangu, tukarudi kwenye msumeno.

Kwa maji nilikuwa mkali. Kila siku nilichemsha sufuria nzima, nikaipoza, nikatia kwenye bidoni, dumu la njano. Siku ya kwanza nilimkuta Anastazi ameinama kijitoni anakunywa kwa kiganja. Nikamfokea.

“Ee, Anastazi! Weye ni ng'ombe? Kunywa ya bidoni!”

“Papa Zuhura, mayi ya mulima ni safi. Babu yangu alikunywa hii hii.”

“Na sasa eko wapi?”

Akacheka, akaja akanywa ya bidoni. Tangu siku hiyo hakugusa maji mengine. Naomba mlikumbuke hilo.

Juu yetu, mwendo wa dakika kumi hivi, kando ya kijito kilekile, zilikuwepo familia kama sita. Walikuwa wametoka misitu ya Kongo, wakakuta watu wengine wanaishi nyumbani kwao, wakaambiwa wangoje. Ndio wakangojea pale, chini ya shitingi, na watoto wao na vikohozi vyao. Waliyemsikiliza wote alikuwa mama wa makamo, Verediana. Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye kambi za Kongo. Wiki ya kwanza tu alitushukia na kibuyu cha uji wa mtama. Nyinyi mnajua desturi yetu: mtu akikuletea cha kunywa anakionja kwanza mbele yako, uone hakina sumu. Akaonja, akapangusa ukingo kwa kiganja, akanipa. Uji ulikuwa wa moto na mtamu. Tukawa tunampa mapande ya kuni yaliyobaki shimoni, naye anatuletea uji. Anastazi aliuacha mapema, ulikuwa unampa kiungulia. Mimi niliendelea.

Mwezi wa pili ugonjwa ukaanza na kichwa. Sio kichwa cha jua. Kiliuma nyuma ya macho, usiku na mchana, na homa ikapanda, kila siku zaidi ya jana. Nilifunga choo siku nne. Ulimi ukawa mweupe kama umepakwa chokaa, na chakula kikanuka sabuni. Kisha tumbo likaachia. Nilihara majimaji ya kijani, mara nane, mara kumi kwa siku, na siku nyingine sikufika kichakani. Anastazi alinivua suruali, akaifua, akanivika kikoi chake. Mwanaume mzima nililia kama mtoto.

Yeye alikuwa mzima kabisa. Na hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Tulikula chungu kimoja. Tulilala kitanda kimoja. Tulikunywa bidoni moja. Kitu gani mimi nilikunywa, yeye hakukunywa?

“Nimelishwa,” nikamwambia. “Ule mama amenipatia sumu.”

“Si anaonja kwanza?”

“Anaonja, kisha anapangusa na mukono. Hujaona? Sumu iko ku mukono.”

“Papa Zuhura, nyamaza. Hilo neno ni mubaya.”

Alisema kweli. Siku zile neno kama lile halikuwa dogo. Watu walikuwa bado wanaogopana baada ya mauaji, na mtu aliyetoka Kongo alishukiwa kuwa muuaji; ukimtaja vibaya mbele ya askari, hujui kama atarudi. Nilijua hayo yote. Lakini Verediana aliposhuka na kibuyu chake, na jirani zake wawili nyuma yake, nilijiinua kwa kiwiko nikapiga kelele: “Muuaji! Hamujashiba kuua?”

Alisimama.  Kisha akakipeleka kibuyu mdomoni, akanywa ule uji wote pale mbele yangu, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akageuka, akapanda kwake. Na mimi mjinga nikajiona nimeshinda.

Anastazi akasema twende lopitali. Nikakataa. Sumu haitibiwi lopitali, nilimwambia, nitafutie dawa ya kutapisha. Maskini akatembea mpaka Gitambi akarudi na majani. Nilitapika nyongo mpaka macho yakataka kutoka, na siku mbili nzima zikapotea hivyo hivyo.

Asubuhi ya tatu nilisikia kitu kimenichoma upande wa kulia chini ya kitovu, kama mtu amepiga patasi kwa nyundo. Nikajikunja. Jasho la baridi likanitoka. Baada ya muda maumivu yakasambaa tumbo zima, na tumbo lenyewe likakauka, gumu, sikuweza hata kukohoa. Kule chini Nkungu kila kilima kina chama chake cha ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, na wanabeba watu wa kilima chao. Sisi kilima chetu kilikuwa kipi? Tulikuwa watu wa porini. Anastazi akakimbia mahali pekee palipokuwa na watu wa karibu. Akapanda kijito.

Verediana alikuja na wanaume wanane. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye tumbo langu, akabonyeza, akaachia ghafla. Nilipiga yowe msitu mzima ukasikia.

“Mutoto wangu alikufa na hii kule Kongo,” akasema. “Homa, kichwa, kuhara, kisha tumbo inakauka sawa ubao. Alimaliza siku mbili. Hii haiko sumu. Mumubebe sasa hivi.”

“Sitaki,” nikasema. “Bataniua mu njia.”

“Papa, ukitaka kunichukia, utanichukia ku lopitali.”

Walifunga mbao zangu mwenyewe, fito mbili na shitingi, wakatengeneza ingobyi. Tukashuka. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika, wanabadilishana bila kuniweka chini. Kila waliporuka jiwe niliuma kikoi. Mmoja wao alikuwa peku, nikaona damu kwenye kisigino chake, naye anamwimbia mwenzake hatua: kushoto, polepole, kulia.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitusimamisha. Wakataka karatasi. Wengi hawakuwa nazo. Askari mmoja akaja akaniinamia, akauliza, “Papa, hawa watu ni nani?”

Nilimwona Verediana ananiangalia. Alikuwa ananiogopa mimi, mgonjwa niliyelala kwenye mbao, nisiyeweza hata kuinua shingo. Neno moja tu, muuaji, lilikuwa mdomoni kwangu, na yeye alijua nililisema juzi.

“Ni ndugu zangu,” nikasema.

Sikulisema kwa wema, wacha niwe mkweli. Nilitaka kufika. Wakatupisha.

Kule lopitali dokta alinitazama dakika tatu. “Homa ya matumbo. Utumbo umetoboka. Tunamupasua leo, kesho ni kuchelewa.” Walikuta matundu mawili, wakayashona, wakaniosha ndani. Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani, mwingine kwenye ubavu unatoa usaha, na mke wangu amekaa pembeni na macho mekundu. Alipoona nimefungua macho akasema, “Mupasuaji wa mbao, na yeye bamemupasua,” akaanza kulia na kucheka pamoja.

Verediana na wenzake walikuwa wameshaondoka. Walirudi kwa miguu siku ileile, njaa tupu.

Baada ya wiki, muuguzi mmoja mfupi, mwenye maswali, alikaa kitandani kwangu na daftari. Akauliza kambi ilikuwa wapi, nani walikaa juu yetu, na maji ya kunywa nilitoa wapi. Nikajipiga kifua, hata na mpira ubavuni. Nilichemsha! Kila siku! Muulize Anastazi!

“Na choo ya bale ba juu ilikuwa wapi?”

“Kando ya kijito tu. Hawana choo.”

“Unaswali, Papa?”

“Sala tano, dada, hata porini.”

“Unatawadha na mayi gani?”

 Nilitawadha kijitoni. Unaosha mikono, kisha unachota maji kwa kiganja, unatia mdomoni, unasukutua, unatema. Mara tatu. Sala tano kwa siku. Na siku za baridi nilikuwa nasukutua haraka haraka, kidogo kinapita, nani anahesabu?

“Papa,” akasema, “ulikunywa kijito yote, kidogo kidogo. Bale ba juu kuko mwenye alikuwa na hii homa, pengine hata yeye hajui. Anastazi hatawadhi, ndiyo maana ni mzima.”

Nilijifunika shuka usoni. Maumivu ya kidonda niliyavumilia, lakini aibu ile, wallahi, ilinitafuna. Yule mama alizika mtoto kwa ugonjwa uleule. Aliutambua kwa kiganja chake. Na mimi kiganja hichohicho nilikiita sumu.

Nilikaa hospitali wiki saba. Nywele zilinitoka zote, nikabaki kama yai. Nilijifunza kutembea nimeshika ukuta, na randa sikuiinua mpaka miezi minne ilipopita. Leo nabeba mlango mwepesi, ule mzito namwachia Anastazi. Namshukuru Mungu, namshukuru dokta, namshukuru Anastazi aliyenifulia suruali. Na nyinyi ndugu zangu mnaolala kazini milimani, kwenye mbao, kwenye mkaa, kwenye asali: maji ya kusukutua yachemsheni kama ya kunywa, Mungu hakatai udhu wa bidoni. Choo kichimbeni mbali na kijito. Homa ikizidi wiki, shukeni. Tumbo likikauka, msingoje hata chai. Na kabla hujasema jirani amekulisha sumu, meza mate kwanza, neno hilo halirudi mdomoni.

Nilipoweza kupanda mlima tena, nilipanda na Anastazi. Familia mbili zilikuwa zimepata nyumba zao, Verediana alikuwa bado anangoja. Tulibeba mbao, tukachimba choo mbali na maji, tukakitia sakafu na mlango. Kazi ya siku tatu, na siku tatu nzima nilishindwa kusema nilichokuja kusema. Nilipiga misumari tu.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunakusanya vyombo, alitoka na kibuyu. Watu wake wote walikuwa wametoka, wamesimama wanatazama. Akanifikia. Akakiinua kibuyu aonje, kama desturi.

Nikamshika mkono.

“Maman,” nikasema, “usionje.”

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akaniachia kibuyu.

“Ni ya moto,” akasema.

Nikanywa mpaka mwisho.