Aaltje Mbele, Harm Nyuma

Katika ndoa yetu yote, mke wangu hakuwahi kukaa mbele yangu kwenye baiskeli.

Ujana wetu alikaa nyuma, kwenye keria, miguu upande mmoja, mkono kiunoni kwangu. Tulipozeeka kila mtu akawa na baiskeli yake, ila upepo wa mbele ukizidi nilimwekea kiganja mgongoni nikamsukuma tukiwa sambamba.

Kwa msajili wa ndoa tulisema maneno mengine, lakini ndoa yetu ilikuwa hiyo. Kiganja changu, mgongo wake.

Sasa jiulize nilijisikiaje Jumanne ile kando ya mfereji, nilipomkuta kwenye baiskeli ya viti viwili, yeye mbele kashika usukani, mwanaume nyuma anakanyaga pedeli, wote wawili wanacheka.

Na si mwanaume yeyote. Harm Bolhuis.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mimi sisahau.

Naitwa Menno. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na minne, nikaingia kiwanda cha kadibodi huku kwetu mashariki mwa Groningen, Uholanzi. Sheria za barabara nilijifundisha mwenyewe maktaba, kidole chini ya kila mstari. Walimu wangu walikuwa hasira na Jumamosi.

Mwaka 1974 lori liliua mtoto wa jirani yetu akienda shule kwa baiskeli. Halmashauri ikaleta maua. Sisi tukaleta baiskeli zetu, tukazilaza katikati ya barabara kuu, na wenyewe tukalala pembeni yazo.

Gari la kwanza kusimama mbele ya pua yangu lilikuwa la Harm, mtoto wa mwenye duka la magari. Alipiga honi mpaka masikio yakaziba. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Amkeni, wavivu nyie. Wenzenu tuna kazi."

Wenzenu. Neno hilo ninalo mpaka leo.

Na huyo huyo Harm, kabla mimi sijamjua Aaltje, mke wangu, alimpeleka dansi mara mbili. Kwa gari.

Njia ya baiskeli tuliyoidai tuliipata. Leo watoto wanaipita asubuhi watatu watatu, wanapiga soga, mikono mifukoni, hawajui nani alilala chini kwa ajili yao. Sawa. Mimi najua.

Mwaka jana halmashauri iliweka lami mpya kwenye njia ile, na katikati mstari mweupe.

Nikapita siku ya kwanza. Mstari umepinda.

Si kidogo, ndugu msomaji. Unakwenda kama nyoka aliyeshiba. Unapanda kushoto, unarudi, halafu mbele kidogo unakatika kabisa kama mchoraji alikwenda kunywa kahawa.

Wiki iliyofuata nikagonga ile nguzo ya kuzuia magari iliyosimama katikati ya njia. Nguzo niliyoipita miaka yote. Nikaruka juu ya usukani, nikatua kwenye nyasi kama gunia la viazi.

Nikapeleka baiskeli kwa fundi Wubbo.

"Mzee Menno," akaniambia, "hii rimu imepinda kuliko siasa zako."

"Wamechora mstari vibaya. Mstari ndio ulionipeleka kwenye nguzo."

Wubbo akaniangalia, hakucheka. Akaendelea kukaza spoki.

Nilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha halmashauri. Wananchi wanapewa dakika chache za kusema, na mimi dakika hizo nimezitumia kuliko mtu yeyote katika mji huu. Nikasimama.

"Tulilala kwenye lami kuipata njia ile," nikasema. "Nyinyi mmetuchorea mstari wa mlevi. Nendeni mkauangalie."

Ukumbi ukawa kimya. Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini, "Tutaangalia, bwana Menno."

Nikajua nimewakamata. Kimya kile nilikichukua kama kukiri kosa.

Aaltje alikuwa pembeni yangu. Njia nzima ya kurudi aliangalia gurudumu langu la mbele.

Baada ya hapo ndipo zikaanza Jumanne.

"Nakwenda kuogelea," akaniambia. "Daktari kasema ni vizuri kwa nyonga."

Haya. Nyonga ni nyonga. Wiki ya kwanza akarudi mashavu mekundu, anaimba jikoni. Nikampitishia mkono kichwani, kimapenzi tu.

Nywele kavu.

Wiki ya pili, kavu. Ya tatu nikamvizia mlangoni, nikabusu shingo. Hakunukia dawa ya bwawa la kuogelea. Alinukia upepo.

Nikajikausha. Lakini wivu ni kama pancha ndogo: huisikii, asubuhi unakuta tairi liko chini.

Jumapili moja tukatoka kwenda kwa dada yake. Upepo wa mbele, ule wa kwetu unaotoka baharini bila kizuizi. Nikanyoosha kiganja nimsukume kama kawaida.

Mgongo ukaondoka.

Alikanyaga, akanipita, kiganja changu kikabaki hewani kama cha mtu anayeomba. Mwanamke wa miaka sabini. Miguu ile kaipata wapi? Nani anamfanyisha mazoezi mke wangu?

"Umekuwa na nguvu siku hizi," nikasema tulipofika.

"Kuogelea," akajibu, akachukua biskuti yake moja ya kunywea kahawa.

Usingizi ulikatika. Nililala nikimsikiliza anavyopumua, nikihesabu wanaume wa mji mzima, waliokufa pamoja na walio hai.

Jumanne iliyofuata nikamfuata.

Baiskeli ya Aaltje ina boksi la mnyororo linalogonga, tak-tak, naijua kuliko sauti yangu. Nikaifuata kwa masikio mpaka karibu na daraja la mfereji. Pale sauti ikakoma. Nikajificha nyuma ya kibanda cha mlinda daraja.

Kisha wakatoka. Baiskeli ndefu ya viti viwili, koti la njano la mke wangu mbele, koti jekundu nyuma. Sura ya mwanaume sikuipata. Kulikuwa na ukungu, na ukungu wenyewe uliganda pale pale usoni pake. Lakini akasema kitu, Aaltje akacheka, na mimi sauti ile ya kuuza magari siwezi kuikosea.

Walizunguka, wakaenda mpaka kwenye kinu cha upepo, wakawa wanarudi kuja upande wangu.

Ningeweza kumngoja darajani nimpige ngumi. Lakini mwili una kumbukumbu yake.

Nililaza baiskeli yangu katikati ya njia. Nikalala pembeni yake.

Kwenye lami ileile. Shavu kwenye mstari wao mweupe.

Nikasikia breki.

"Mbona tumesimama?" sauti ya Harm ikauliza.

"Kuna mtu amelala njiani," mke wangu akasema.

"Mlevi?"

"Mume wangu."

"Aa, Menno," Harm akasema. "Huyo hulala barabarani kila baada ya miaka hamsini."

"Mke wa mtu ni sumu, Harm," nikasema kutoka chini. "Magari umeshiba, umeyamaliza, sasa unataka na njia yangu na mke wangu. Piga honi basi. Piga kama siku ile."

"Menno, inuka," Aaltje akasema. "Watu wanapita."

"Wapite juu yangu. Wewe unaogelea na nywele kavu."

Nilimsikia Harm akishuka, pole pole, mkono mmoja haujaachia kiti. Akanyoosha mkono wa pili kunisaidia niinuke.

Mkono ulikwenda upande ambao sikuwepo. Ukangoja hapo, ukishika hewa.

Aaltje akaushika, akauleta kwangu.

"Huoni?" nikauliza.

"Pembeni naona kidogo. Katikati hamna kitu, miaka sita sasa," Harm akasema, kama mtu anayetaja umri wa gari. "Niambie, Menno. Ule mstari wako, bado umepinda?"

"Umejuaje habari za mstari?"

"Nilikuwa ukumbini siku ile. Ulipita mbele yangu ukanikanyaga mguu. Mimi sikukuona, na wewe hukuniona. Ulipoanza kueleza mstari wa nyoka, unakatika mbele, mwili ukanisisimka. Mimi macho yalianzia kwenye milango ya gereji. Nilimfukuza fundi kwa sababu aliifunga imepinda."

"Mstari umepinda, Harm. Nimelala juu yake."

Akatoa mfukoni fimbo yake nyeupe, ile ya kukunja. Akaikunjua, tak tak tak, akainama, akailaza chini mbele yangu.

"Na hii?"

Nikaitazama. Fimbo ilikuwa na tumbo katikati, kama imeyeyuka juani.

"Imepinda," nikasema.

"Sasa ishike."

Nikapitisha kiganja changu juu yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Ilikuwa imenyooka kama bunduki.

Niliipitisha tena. Watu walikuwa wanatuzunguka kwa baiskeli zao, kengele zinalia, mama mmoja akatutukana bila kupunguza mwendo. Mimi nimepiga magoti, napapasa fimbo ya adui yangu.

"Ukungu nao?" nikamuuliza Aaltje.

"Ukungu gani, mume wangu. Jua limewaka wiki nzima."

Akakaa chini kwenye lami, karibu yangu.

"Harm alinifuata baada ya kikao," akasema. "Ningekwambia uende kwa daktari ungemwandikia waziri. Ningekufichia baiskeli ungekufa. Nikajiuliza nifanye nini. Kwa hiyo nikaja kujifunza kukaa mbele."

Nikaikunja fimbo, nikamrudishia Harm mkononi.

Daktari alithibitisha: ni ugonjwa uleule wa Harm. Jicho moja wanalichoma sindano kila mwezi ili libaki na kilichobaki. La pili limekwenda. Haya maneno nayaandika kwa herufi kubwa kama za bango la duka.

Kwenye kikao kilichofuata nilisimama.

"Mstari umenyooka," nikasema. "Naondoa malalamiko yangu."

Katibu aliniomba nirudie. Alidhani hakusikia vizuri.

"Lakini nguzo," nikaendelea, "nguzo ipo kweli katikati ya njia, na wasioona wanaigonga. Shahidi wangu huyu hapa."

Harm akainuka kwenye kiti chake cha nyuma. "Wenzenu tunaumia," akasema.

Nguzo waliing'oa kabla ya majira ya baridi.

Sasa Alhamisi natoka na mke wangu kwenye baiskeli ndefu. Siku ya kwanza nilimpigia kelele kila kona. "Punguza. Kulia. Breki, Aaltje."

"Nyuma hakuna breki na hakuna usukani," akasema bila kugeuka. "Kanyaga."

Nikakanyaga. Mgongo wake siuoni, nikiutazama unapotea. Nikitazama mfereji pembeni, unarudi, wa njano, mpana. Upepo ukizidi bado namwekea kiganja. Hakisukumi kitu, tuko kwenye baiskeli moja. Anakiacha.

Jumanne bado ni za Harm. Nilisema mwenyewe ziendelee, barabara tulishamzibia mwaka 1974, mwanamume hawezi kunyang'anywa njia mara mbili. Basi kila Jumanne nakaa dirishani, kahawa inapoa, nasikiliza ile tak-tak irudi. Na wivu bado ninao, sitakudanganya.

Ninachokuambia ndugu yangu ni hiki. Ukiona mstari wa watu wote umepinda, ukiona ukungu umeganda kwenye sura ya mwenzio mmoja tu, usikimbilie halmashauri.

Upapase kwanza kwa mkono. Na kama mkeo anarudi na nywele kavu, muulize anajifunza nini.