Seli Iliyovutwa Pande Tatu

Alikuwa mkunga, na mdomo haukumkauka. Miaka yote ya kazi alipokea watoto huku akiwatania mama zao hadi wakacheka katikati ya uchungu. Hata alipotolewa uvimbe titini, alimwambia daktari, "Mpangaji huyo kanikalia bure, na wala hakuniaga."

Kasheshe ilianza kwenye dawa za saratani za kutundikiwa kwa dripu. Alikataa katakata. Uvimbe umeshatoka, dawa za nini tena? Wanawe walibembeleza wakachoka. Ndipo binti wa kaka yake, aliyefanya kazi maabara, akaomba ruhusa kwa mkuu wake na kumketisha mbele ya hadubini.

"Shangazi, anza na hii, ya mtu mwenye afya. Seli moja inajigawa ziwe mbili. Vile vijiti vya zambarau ni kromosomu, zimebeba maagizo ya mwili. Seli imeshazinakili, sasa inazivuta nusu huku, nusu kule."

Mkunga akainama. Akaona mafungu mawili yakiachana, yamelingana sawasawa. Akasahau hata kutania, akasogeza jicho karibu zaidi.

"Sasa hii ni yako, ya ule uvimbe."

Hapa ilikuwa shaghalabaghala. Seli ilikuwa ikivutwa pande tatu, na katikati kijiti kimoja kimeachwa, hakina pa kwenda.

"Maskini, huyu kasahauliwa!"

"Ndiyo. Wanaozaliwa hapa, mmoja ana pungufu, mwingine ana ziada. Wengi hufa. Wanaopona nao hukosea wakijigawa, kila mmoja kivyake. Huenda kuna aliyehamia kwingine mwilini kabla hujapasuliwa, na hafanani na wenzake. Ndiyo maana tunataka dawa zimfuate huko."

Shangazi hakuinua kichwa. "Na zile nzuri, bado zinajigawa mwilini mwangu?"

"Mamilioni kila sekunde. Hata sasa tunavyoongea."

"Na zinagawana sawa?"

"Karibu zote. Inayokosea kwa kawaida huzuiwa, au hujiua yenyewe."

Akautazama mkono wake, akaugeuza kiganja juu. "Mwanangu, mimi nilidhani nimeona uzazi," alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa mlangoni tu."

Akaomba aoneshwe tena ile ya kwanza.

Dawa alizipata zote. Nywele zilimtoka, kichefuchefu kikamwandama, lakini hakukosa hata mara moja, na vipimo vya mwaka huu vimetoka safi. Wiki iliyopita alijikata kidole akimenya viazi. Kila asubuhi hufungua kitambaa, akatazama kidonda kinavyojifunga, na akiitwa kunywa chai anaomba asubiriwe kidogo.